Daktari wa Ndoto na Daktari wa Dalili

Benchi letu liko kando ya barabara ya kwenda shamba la mkonge, Ruiru, mbele ya sufuria yangu ya uji. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili. Upande wa pili wa barabara ni kahawa mpaka macho yachoke, lakini kahawa tunaichuma tu, inaondoka na lori. Hapa tunakunywa uji. Wateja wa asubuhi ni walewale. Kuna Zacharia seremala, tunayemwita Futi kwa sababu hata mazishini huenda na rula. Kuna Dalmas, mtu wa magharibi, anayetia mafuta injini ya kiwanda cha mkonge. Huyo ni Moshi. Na kuna Cucu Ngendo, yaani bibi kwa Kikuyu chetu, dada ya marehemu baba yangu, ambaye halipi na hakuna wa kumdai. Siku hiyo ya mwaka 1958 walikuwa wakinisaidia, kama walivyosema wenyewe, kuamua juu ya mwanangu Kagwe. Kesho yake nilitakiwa hospitalini Nairobi, nikaseme kama namwacha huko au namrudisha nyumbani.

— Kwanza tuelewane, Mama Kagwe, — Futi akaanza. — Madaktari ni wangapi?

— Wawili. Mmoja mzee, mmoja kijana. Hawapatani.

— Wanasema ana wazimu?

— Hapana. Hapo tu ndipo wanapopatana. Wanasema akili ni nzima, ila tabia yenyewe ndiyo ugonjwa.

— Tabia ni ugonjwa? — Moshi alicheka mpaka uji ukamwagika gotini. — Basi msimamizi wetu angekuwa amelazwa tangu vita vya Wajerumani!

Nikawaeleza, maana wangeniuliza mpaka jioni. Daktari mzee anataka habari za utoto: Kagwe alinyonya mpaka lini, nani alimchapa, huota nini. Anasema kilichomharibu kimejificha ndani, hata Kagwe mwenyewe hakijui, na kitatoka polepole kwa mazungumzo, pengine miaka. Daktari kijana hataki ya zamani. Anataka dalili: anakula na watu? Ana rafiki? Anaamini mtu? Dalili zikitosha, anaupa ugonjwa jina. Alimaliza kabla chai yake haijapoa, akaniambia Kagwe yuko hivyo na atabaki hivyo, nimchukue nikitaka.

— Huyo kijana ndiye fundi, — Futi akasema. — Mimi nikiletewa ubao umepinda, siulizi mti ulipandwa na nani. Naweka rula. Umepinda, umepinda.

— Na ukishajua umepinda unafanya nini, omera? — Moshi akauliza; kwao omera ni rafiki.

— Nasema umepinda.

— Hata mbuzi ameona umepinda! Injini ikikohoa, mimi nauliza jana ilitiwa mafuta gani, juzi nani aliigusa. Huyo mzee anajua kazi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Maana yake?

— Maana yake Kagwe aangaliwe chawa. Chawa wa utotoni. Wanabaki kwa mshono, wanakula mtu polepole mpaka wanafika kwa tabia.

— Injini iliwahi kukujibu ni mafuta gani? Unakisia tu! Ukisikiliza wewe, na akisikiliza Wamalwa wa zamu ya usiku, mtapata mafuta mbili tofauti. Lakini rula yangu na rula yoyote ya Thika zinasema kitu kimoja.

— Zinasema kitu kimoja na ubao bado umepinda.

Cucu Ngendo akaweka kikombe chini.

— Mnapoteza uji wa mtoto wangu bure. Kagwe ni ndugu yangu.

— Cucu, Kagwe ni mjukuu wa—

— Ni ndugu yangu. Amechukua jina lake, akachukua na tabia. Ndugu yangu alikula akiangalia ukuta. Alioa akiangalia ukuta. Aliongea na nyuki zake tu. Nani alimpeleka hospitali?

Sikumpinga. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huchukua jina la baba wa mama yake, kwa hivyo mimi humwita Kagwe “baba” tangu alipokuwa mgongoni. Hata hospitalini nilimwambia, “Baba, umekula?” Mkalimani alipotafsiri, daktari mzee aliinuka kitini kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea. Mama anamwita mwanawe baba! Akaandika kwa furaha mpaka wino ukamwishia. Daktari kijana aliniangalia, akaniuliza kama mimi mwenyewe hulala vizuri.

— Na wewe hulala vizuri? — Moshi akauliza.

— Nina watoto sita, Dalmas.

Futi akarudi kwa daktari wake.

— Mimi nataka kujua hiyo dalili kubwa. Kubwa kuliko zote.

— Kwamba Kagwe anafikiri watu wanamtazama, — nikasema. — Anafikiri wakimtazama watamsema.

Futi akaangalia barabara, kushoto, halafu kulia, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

— Na hiyo ni dalili?

Miaka ile ya vita vya Mau Mau, kijiji chetu kilipozungushiwa handaki, sote tulipitishwa mbele ya msaliti aliyevaa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, unapandishwa lori la kizuizini. Kwa Kagwe halikutikisa. Lilimtazama tu, kwa muda mrefu, kisha likamgeukia aliyefuata, rafiki yake, likatikisa. Tangu hapo mwanangu hatazamani na mtu. Alikuwa akikaa mwisho wa benchi hili ametugeuzia mgongo. Kisha akapigilia mbao dirishani kwake, watu wa shamba wakaogopa, wakampeleka hospitali.

— Uliwaambia madaktari habari ya gunia? — Moshi akauliza.

— Mkalimani simjui. Nitajuaje yeye miaka ile alivaa nini?

Wakanywa. Futi akaja na methali yake.

— Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nasema apimwe miguu. Mmoja ukiwa mfupi, lazima mtu ageuke tu.

— Kwa hivyo akitiwa kiatu atatuangalia?

— Ndiyo nasema apimwe!

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke Mkamba, Kalondu, aliyetoka Ngoliba kuuza vyondo, vile vikapu vya kusuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunywa kwangu. Akanirudishia kikombe.

— Samahani, mama. Huyo kijana amemkosea nani?

Futi akafungua mdomo.

— Alikataa… hapana. Ukimsalimu aliitika. Ila akiangalia kule.

— Aliiba?

— Kagwe? — Cucu akang'aka. — Hata kikombe huosha mwenyewe.

— Alipiga mtu?

— Siku moja alinibebea pipa la mafuta mpaka kiwandani, — Moshi akasema. — Hakunena neno. Alitembea mbele yangu njia yote.

— Sasa amemkosea nani?

Futi aligeuza rula mikononi. Moshi alitazama kikombe. Mimi niliyemzaa nikaosha kikombe cha mgeni. Kalondu akainua vyondo vyake, akatuaga, akaenda.

Nikakwangua sufuria. Uji ulikuwa umekwisha.

— Futi, nataka kigoda. Leo.

— Cha nini?

— Cha Kagwe. Kesho narudi naye. Benchi hili linamlazimisha mtu akae bega kwa bega. Kigoda kitakaa pale, karibu na ua wa mkonge. Akitaka uji nitampelekea.

Futi akasimama, akapima kimo cha Kagwe hewani kwa kukumbuka.

— Nikiweke kitazame wapi? Huku kwetu, au barabarani?

— Kigoda hakina mgongo, Zacharia. Atatazama anakotaka.

— Na kiwe kipana kidogo, — Cucu akasema. — Ndugu yangu hupenda kuweka kikombe kando yake.