Nilivyotaka Jirani Auze Hati Fungani Yake

Kamwene, akina mama wa kikundi. Nimesimama kabla sijabadili mawazo, mnivumilie.

Mnanijua, nauza nyanya hapa Ilula, barabarani. Meza yangu inapakana na ya mwenzangu mmoja, simtaji. Watoto wetu wakiwa darasa la saba aliniambia, "Dada, twende benki Iringa tununue hati fungani. Tunaikopesha serikali, inatulipa riba kila miezi sita. Watoto wakifika chuo, tuna pa kushika."

Nikamcheka. Nikanunua makochi.

Miaka ikaenda. Binti yake akaingia chuo Mbeya. Wangu alifaulu pia, lakini mkopo wa masomo akakosa, akabaki amekaa kwenye makochi yangu.

Ndugu zangu, nawaambia, basi likisimama na abiria wakanunua kwake, niliomba nyanya zake zioze. Simu yake ikilia kwa ujumbe kwamba riba imeingia, chakula hakinishuki.

Siku moja nikamwambia, "Nimesikia kwa mtu wa serikalini, hati hizo zitafutwa. Wenye akili wanauza." Huyo mtu hayupo, nilimtunga mwenyewe. Mwenzangu akaogopa, akaniomba nimsindikize benki.

Dada mmoja wa benki akamwonya, "Mama, ukiuza leo utapata hasara, na binti hajamaliza chuo. Nani kakushauri?"

Mwenzangu akanishika mkono. "Huyu dada yangu. Hawezi kunipoteza."

Kalamu anayo tayari. Jamani, mkono ule! Nikasema, "Usisaini. Nimekudanganya. Nakuonea wivu, nilitaka binti yako arudi nyumbani kama wangu."

Akaweka kalamu chini. Kesho yake akahamisha meza, na kwa wiki nyingi hatukusalimiana.

Halafu asubuhi moja akaja. "Sijasahau," akasema. "Lakini mwanao ana mdogo wake, yuko kidato cha kwanza. Jumatatu twende benki."

Tukaenda. Hati yangu ni ndogo, lakini ipo. Namshukuru yeye. Nawashukuru na ninyi mlionikopesha ada ya mkubwa, sasa yuko chuo cha ufundi.

Wivu haujaisha, siwafichi. Juzi binti yake kashuka kwenye basi na begi la chuo. Nikamwambia mama yake palepale, "Leo nakuonea wivu." Akacheka, akanisogezea kiti.

Kama yupo humu mwenye wivu kama wangu, amwambie mwenzake mapema, kabla hajamsindikiza benki.