Siku Bi Bun-rye Alipoingia Kilabuni

Benchi letu liko mbele ya duka la Mzee Jang, kando ya mashine ya kahawa, katika mji huu ambao machimbo yake ya makaa ya mawe yalifungwa zamani na sisi wachimbaji tukabaki. Ng'ambo ya barabara ni kilabu cha Mama Chilgok, anayeuza pombe ya mchele kwa birika. Tulikuwa wanne. Mwezi uliopita tukamzika Gil-su, tukabaki Redio, Jino na mimi. Asubuhi moja tukamwona mjane wake, Bi Bun-rye, mlangoni pa kilabu. Hakuwahi kupakanyaga. Akavua viatu, kama anayeingia nyumbani kwa watu. Pale viatu havivuliwi.

— Shemeji kaingia kilabuni! — Redio akaropoka.

— Anamtafuta mwanamke wa Gil-su, — akasema Jino. — Lisemwalo lipo.

— Mwanamke gani? Mama Chilgok ana miaka themanini!

— Ng'ombe hazeeki maini.

— Funga bakuli lako! Kaja kumshtaki mama. Vumbi la mgodi ndilo lililommaliza Gil-su, yeye atasema pombe. Kesho kilabu kinafungwa, keshokutwa mashine hii ya kahawa, kisha mji mzima!

— Mji ulishafungwa, — nikasema.

— Ndiyo hivyo, — Jino akaitikia. — Haraka haraka haina baraka.

Mara Bi Bun-rye akatoka, uso umemwiva, akavuka barabara kuja kwetu. Tukasimama wote.

— Kaa, shemeji, — nikamwambia.

— Nimeshakaa. Nilimwomba mama anioneshe mahali alipokuwa akikaa mume wangu, nikanywa bakuli moja la pombe. Kumbe ina uchachu. — Akatutazama mmoja mmoja. — Shemeji zangu, miaka ishirini na sita alikuja kwenu kila siku. Alikuwa anazungumza nini?

Mimi nikatafuta kichwani sentensi moja tu ya Gil-su. Nikaiona mikono yake ikitumiminia pombe, na kichwa kikiitikia.

— Alikuwa anatusikiliza, — Jino akasema hatimaye.

— Na nyumbani vilevile, — Bi Bun-rye akajibu polepole. — Nikadhani maneno yake anayaleta huku.

Akatuinamia, akaondoka kupanda mlima kwenda kwake. Tukakaa tena.

— Kuna siku alianza kusema jambo, — Redio akasema. — Nikamkatiza.