Insha ya Uaminifu

Kwenye basi, nyuma yangu, karani wa bima alikuwa akimtambia muuguzi aliyekutana naye kituoni muda huohuo. "Dada, mimi nasoma falsafa kwa masafa, mwaka wa tatu sasa. Insha yangu ya uaminifu imepata themanini na mbili." Alitamka "masafa" kana kwamba aliyatembea kwa miguu.

"Hongera, kaka. Kazi, watoto, na bado unaandika insha! Saa ngapi?"

"Aa, zile anaandika mke wangu. Mimi kazi yangu kuzituma."

"Hata hiyo ya uaminifu?"

"Hiyo aliimaliza siku moja. Ya wajibu ndiyo ilimsumbua."

Muuguzi alicheka mpaka akashikilia kiti changu. "Basi msomi ni wifi yangu!"

"Mume na mke ni mwili mmoja, dada."

"Na kwenye mtihani, huo mwili utaingia upande upi?"

Basi lilisimama mbele ya ukumbi wa mitihani. Nikageuka. Karani alikuwa amefungua daftari, amekunja uso. Akamsogezea muuguzi. "Hebu nisomee hapa haraka. Mwandiko wake unanishinda."