Ombi Nililoliweka Mwisho

Sogezeni hizo stuli karibu, wanangu, msinisimamie kichwani kama watu wanaongoja zamu ofisini, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kurudia. Wewe binti yangu, kaa hapa penye mto. Nawe kitinda mimba, funga dirisha, pikipiki za barabarani zinanimezea maneno.

Mnajua kwamba miaka thelathini na minane nilikaa kwenye baraza ya posta na mashine yangu ya kuchapa, nikiwaandikia watu barua, hata mtaa mzima ukaniita Mzee Yahusu, kwa sababu barua zangu zote zilikuwa na ile "Yah" juu, na mbele yake jambo lenyewe kwa herufi kubwa. Kazi ile niliijua. Mwenye kusimulia ajali nilimpangia kwa saa, kipi kilitangulia na kipi kikafuata. Mwenye kubishania mpaka wa kiwanja nilimtangulizia dai, kisha sababu, kisha mashahidi. Aliyeshindwa kuchagua kati ya kazi mbili nilimwekea hii huku na ile kule, azipime mwenyewe. Mama mmoja alikuja kumwandikia mwenye nyumba, akaanza na ndoto aliyoota. Nikamwambia, "Mama, mwenye nyumba hazibi ndoto, tuanze na bati linalovuja." Alicheka mpaka akasahau alichoota. Bati likazibwa wiki ileile, nami nikavimba kichwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa hili sijawahi kulisema. Mmekua mkiamini, na mimi ndiye niliyewaaminisha, kwamba kaka yenu mkubwa aliitwa na mama yake akiwa mahututi, akakataa kuja. Barua ya kumwita niliiandika mimi. Mama yenu alikuwa amelazwa, akaniambia kwa kinywa chake, "Mwandikie mtoto aje, nataka nimwone." Maneno matano tu. Nami nikaenda kuyatia kwenye mashine kama namwandikia mkuu wa idara. Nikaweka, "Yah: MWENENDO WAKO TANGU ULIPOONDOKA NYUMBANI." Nikaanzia siku aliyoacha chuo cha ualimu nilichomtafutia, akaenda kujifunza kutengeneza majokofu, nikashuka mwaka kwa mwaka, kosa kwa kosa, kwa namba, nikijiambia kwamba chanzo hutangulia, matokeo hufuata, na ombi hukaa mwisho. Ombi la mama yake likaangukia nyuma ya karatasi, mstari wa mwisho, juu ya saini.

Naye, kama fundi mwenzake alivyonieleza baadaye, akasoma upande wa mbele, akaikunja, akaitia mfukoni mwa ovaroli. Aliigeuza siku ya nane. Alipofika hapa tulikuwa tumeshamzika mama yenu, na mimi, mbele ya waombolezaji, nikamwuliza, "Umekuja kutengeneza jokofu la nani?" Alinishikisha karatasi ile, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa mwisho, akaondoka. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mganga hajigangi, wanangu. Kila mpita njia nilimpangia maneno yake, ya mke wangu nikayaweka yasipoonekana.

Tangu siku hiyo nakula nimeelekea ukuta. Nyinyi mnakuja, mnasalimu, mnaondoka, nami nabaki na kiti cha mama yenu. Mara ngapi nimeanza kumwandikia kaka yenu, na vidole vyenyewe vikapiga "Yah", nikachomoa karatasi. Majuto ni mjukuu. Wangu ndiye anayenilea uzeeni huu.

Basi nyumba hii ni ya watu watatu. Ile karatasi ya urithi iliyo chini ya godoro ina watu wawili, ichaneni. Chumba cha mbele ni cha binti yangu, cha kati ni cha kitinda mimba, na kile cha uani ni cha kaka yenu, apate pa kufanyia ufundi wake. Mlimnunia kwa ajili yangu. Kosa nivisheni mimi, yeye mvueni. Mashine mpeni yeyote anayeitaka, ila barua ya kaka yenu msiichape kwayo.

Binti yangu, chukua kalamu. Andika kwa mkono, upande mmoja tu. Usitangulize ugonjwa wangu, asije akadhani namtisha. Tanguliza kwamba baba alikosa. Baada ya hapo... baada ya hapo simulieni lolote, kwa mpango wowote mnaoutaka, hata mkianza na ndoto.

Mungu awaketishe pamoja, watatu. Awape vinywa vyepesi. Asiwape... asiwape kiburi changu.

Nipe maji kidogo. Hapana, acha maji. Andika kwanza.

Umeandika? Haya. Nisomee.