Dada Yetu na Ngozi Aliyochelewa Kuipenda

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ninayesimama hapa ni mdogo wake anayemfuata kuzaliwa. Maneno haya niliyaandika mara mbili. Ya kwanza yalikuwa mafupi na mazuri, na marehemu aliyasoma mwenyewe akiwa kitandani mwezi uliopita, akanirudishia karatasi. Alisema, “Huyu simjui. Niandike mimi. Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa hata siku ya kuzikwa.” Haya ni ya pili. Mama yetu, aliyekaa mstari wa mbele, aliyasoma jana. Hakusema yasomwe, wala hakusema yasisomwe.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, saa sita mchana, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu alikuwa mkaguzi wa breki za mabehewa kwenye karakana ya reli, mtu mweusi tii. Mama alikuwa mweupe, na mtaa mzima wa nyumba za reli ulilijua hilo. Hata karani wa posta alimwita Bi Mweupe. Mkunga alipomwonyesha mtoto, mama aliuliza kama hawajakosea kitanda. Kauli hiyo ilisimuliwa nyumbani kwetu kama kichekesho kwa miaka arobaini, na kila mgeni aliipata pamoja na chai. Baba peke yake hakuicheka. Alikuwa akisema, “Huyu ni mimi mtupu,” na jioni akitoka kazini alimbeba mabegani kutoka mlango wa kwanza wa mstari wetu hadi wa mwisho, kama anayeonyesha kikombe alichoshinda. Baba alifariki kazini, pale karakanani, Juni 1979. Baada ya hapo hakuna aliyembeba wala kumsifia. Jina la nyumbani likawa Masizi. Alianza mama, tukafuata sisi wadogo, na marehemu aliitika.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973, katika shule ya msingi iliyopakana na karakana. Alikuwa na kichwa chepesi na sauti ambayo walimu waliitegemea kila palipokuwa na shairi la kukariri. Akiwa darasa la sita, shule iliandaa mchezo wa kuigiza kwa ajili ya wazazi, na yeye peke yake ndiye aliyeyajua maneno yote ya malkia. Mwalimu wa sanaa alimwita pembeni akamwambia, “Sauti yako ni ya malkia kabisa, mwanangu. Lakini watu watakuwa wanaangalia.” Akachaguliwa binti mwingine, mweupe, na dada akawekwa nyuma ya pazia kumkumbusha. Binti yule alisahau kila kitu. Basi kwa nusu saa malkia alifungua na kufumba mdomo, na maneno yakatoka nyuma ya pazia. Wazazi walipiga makofi. Dada alirudi nyumbani amefurahi, akatusimulia. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema mwalimu yule ana akili. Nakumbuka dada alivyoenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1983 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi arobaini na wawili, kisha akasomea ukarani na upokeaji wa simu kwa miaka miwili. Agosti 1987 aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hospitali kubwa ya mjini. Alishona gauni la kijani kwa ajili ya siku hiyo. Katibu wa hospitali alimsikiliza kwa dakika ishirini, akamwambia amefanya vizuri kuliko wote, kisha akampa kazi ya swichibodi, ya kuunganisha simu, kwenye chumba namba nne chini ya ngazi. “Pale mbele,” alisema katibu, “tunataka mtu wa kuwachangamsha wageni.” Binti aliyewekwa mbele hakuwa na cheti.

Hapa ninafika mahali ambapo ningependa kuparuka, naye alinikataza. Jioni ile nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimkuta amekaa kitandani na gauni lake la kijani, nikamwambia rafiki yangu anatumia kitu. Keshokutwa yake nilimletea kikopo kisicho na jina, kutoka kwa mwanamke wa saluni aliyekuwa akichanganya mwenyewe ule mkorogo wa kung'arisha ngozi. Nilidhani ninamsaidia. Pia, na hili nalisema kwa kuwa yeye alilijua, mimi ndiye niliyefanana na mama, na ilinipendeza kuwa mtu wa kumgawia.

Alifanya kazi kwenye swichibodi kwa miaka ishirini na mitatu. Chumba hakikuwa na dirisha; kilikuwa na meza, kiti chenye mto alioushona, na ubao wa taa ndogo zilizowaka kila simu ilipoingia. Alijua kwa kichwa namba za ndani zaidi ya mia tatu. Alijua daktari yupi huamka na hasira, na wodi ipi simu yake hupokelewa ukiiacha ilie mara tisa. Watu waliopiga kuulizia wagonjwa wao walimwita Dada wa Simu, na wengi walikuja hospitalini kumshukuru. Walipogonga mlango wa chumba namba nne na kumuulizia, marehemu alikuwa akiwajibu, “Ametoka kidogo. Mna ujumbe?” Walimwachia salamu, barua, mara moja hata kitambaa cha mezani kilichofumwa kwa mkono. Alipokea vyote kwa niaba ya mtu aliyetoka.

Kwa njia hiyo alikutana na mumewe. Alikuwa fundi umeme, na mama yake alilazwa kwa wiki saba mwaka 1990. Mama mtu alipopona, fundi alikuja kumtafuta Dada wa Simu. Akaambiwa ametoka. Akarudi siku ya pili, akaambiwa ametoka. Siku ya tatu alisimama mlangoni akasema, “Dada, mimi ni fundi, kazi yangu ni kufuata waya hadi mwisho. Sauti inayosema ametoka ndiyo hiyo hiyo ninayoitafuta.” Marehemu alicheka, na alikuwa akisema ndiyo mara ya kwanza kucheka kazini bila kugeuza uso ukutani. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1991. Binti yao wa pekee alizaliwa tarehe 2 Juni 1994, na alikuwa na rangi ya babu yake aliyefia karakanani.

Ingefaa mambo yaishie hapo vizuri. Alikuwa amependwa na mtu aliyemwona. Lakini kikopo kilikuwa kinaendelea, na kikiisha alikwenda mwenyewe kwa yule mwanamke wa saluni. Alipaka bafuni, mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 1996 uso wake ulikuwa umebadilika, na watu wakaanza kumsifia barabarani. Mama, ambaye hakuwahi kwenda naye kwenye sherehe yoyote, alianza kumpitia Jumamosi. Siku moja sebuleni kwetu, tukiwa tumejaa, mama alimshika kidevu akamgeuza huku na huku, akasema, “Sasa umekuwa mtu,” kauli aliyoirudia kwa miaka. Mjukuu wake alikuwa sakafuni anachezea vifuniko vya chupa. Mwaka uliofuata fundi alimuuliza mkewe, kwa upole wake ule ule, “Mimi nilikuja mara tatu kumtafuta mtu, nikampata. Sasa yuko wapi?” Dada alimjibu, “Ametoka kidogo.” Alinisimulia hilo miaka mingi baadaye, na wakati huo halikuwa tena kichekesho.

Jumapili, tarehe 17 Agosti 2008, marehemu alirudi kutoka sokoni akakuta mlango wa bafuni umefungwa. Aligonga, akagonga tena. Binti yake, wakati huo ana miaka kumi na minne, alifungua. Uso ulikuwa umepakwa mkorogo hadi kwenye kope, na macho yalikuwa mekundu kwa kuwashwa. Mama yake alimuuliza anafanya nini. Mtoto alisema, “Na mimi nataka kuwa mtu.” Dada hakumpiga wala hakumfokea. Alimwosha kwa maji na sabuni hadi ndoo tatu zikaisha. Kisha alitoa vikopo vyote, vitano, akavimwaga chooni, na hakupaka tena hadi kufa kwake.

Wapo wanaofikiri kuacha ndiyo mwisho wa hadithi. Ngozi iliyozoea dawa ile kwa miaka ishirini na moja haikumsamehe. Ilirudi kwa vipande: mashavu yakawa na madoa meusi yenye rangi ya bluu kama ya michubuko, paji la uso likabaki jekundu, na vidole kwenye viungo vikabaki na weusi wao wa siku zote. Watu waliomsifia barabarani walianza kumtazama kisha kutazama pembeni. Mama aliacha kumpitia Jumamosi. Dada alijifunga mtandio hadi chini ya macho kwa mwaka mzima, na wagonjwa walidhani anaumwa jino.

Kisha akamwomba mumewe afunge taa juu ya kioo cha chumbani, taa kali, si ile ya njano. Kila asubuhi aliiwasha, akasimama mbele ya kioo, akajisalimia kwa sauti yake ya kazini: “Hospitali, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?” Binti yao anasema miezi ya mwanzo mama yake alikuwa akisema hivyo huku anatazama mswaki. Ilimchukua hadi mwisho wa mwaka 2009 kuyasema akijitazama machoni. Siku moja alijibu mwenyewe, “Hakuna, nilitaka tu kukuona,” na wote watatu nyumbani wakacheka. Januari 2010 aliandika barua kuomba ahamishiwe meza ya mapokezi. Katibu mpya wa hospitali, mwanamke kijana, alimuuliza kama ana uhakika. Marehemu alisema, “Wageni watazoea. Mimi mwenyewe nimezoea.” Alikaa mbele kwa miaka tisa, uso wazi, na akina mama wengi walioleta watoto wao hapo watakumbuka kwamba yeye ndiye aliyewauliza bila haya wanapaka nini usoni, na kuwaonyesha mashavu yake.

Miguu ilianza kuvimba mwaka 2016. Vipimo vilionyesha figo zimeharibika. Daktari wake alikuwa mwangalifu. Alisema presha ilichangia, na kwamba hawezi kuapa ni mkorogo peke yake, ila zebaki iliyokuwamo kwenye vikopo vile haikai mwilini bure. Aliacha kazi Machi 2019, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ile ile, ghorofa moja juu ya chumba namba nne. Mama alikuja kumwona mara moja. Alikaa, akafungua mkoba, akatoa poda, akasema, “Paka kidogo, wageni wanakuja.” Dada alisema, “Mama, huu ndio uso nilionao. Niangalie hivi hivi.” Mama alitazama dirishani. Marehemu alisubiri, nami nilikuwepo, nikaona jinsi alivyosubiri. Halafu akamwambia mama poda airudishe mkobani, isije ikamwagika.

Mwezi Septemba mwaka huu nilimwomba anisamehe kwa kikopo cha kwanza. Nilitarajia aseme yamepita. Alisema, “Wewe ulileta, mimi nilipaka. Changu nimeshakibeba. Chako kibebe wewe, mdogo wangu, sina nguvu za viwili.” Kisha akanishika mkono, akaukalisha juu ya shavu lake lenye madoa, akasema, “Ngozi hii ilipokuwa nzima sikuipenda. Naipenda sasa imekuwa viraka. Ningepewa miaka kumi tu ya kuwa nayo hivi, nisingelalamika.” Alipewa wiki tisa.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa kwenye mashine, mumewe akimsomea gazeti. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mama mzazi, mdogo wake wa kike na wadogo wawili wa kiume. Mjukuu wa pili, msichana, ana wiki tano. Bibi yake alimpakata mara moja tu, siku mbili kabla ya kufa. Alimtazama muda mrefu, mtoto mweusi anayepiga miayo, akasema, “Mzuri huyu. Mwambieni mapema.”

Tutamwambia. Yeye hatukumwambia. Apumzike, na amani aliyoikosa kwetu aipate huko alikokwenda.