Bi Mize Kombo, Aliyezivika Kuta za Kiegeani

Bismillahi. Kina baba mlio hapa barazani, kina mama mlio ndani, assalaam alaykum. Mimi ni Mudrik Ussi, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama kabla hatujamnyanyua. Karatasi mliyogawiwa ilichapwa Kilindoni leo alfajiri. Nitaisoma, lakini kuna sehemu haimo. Nimeiandika kwa mkono saa moja iliyopita, na nikifika hapo mnivumilie.

Marehemu Bi Mize Kombo alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 kisiwani Juani, mtoto wa nne wa Mzee Kombo Ally na Bi Umi. Alisoma Kurani chuoni kwa babu yake, kisha shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Alipokuwa darasa la tatu alikata pakiti tupu za majani ya chai, akazibandika kwenye ukuta wa darasa kwa uji wa muhogo. Mwalimu alimchapa viboko viwili. Wiki iliyofuata mwalimu yuleyule akamwita: "We Mize, mbona upande wa ubaoni umeuacha?" Mama alikuwa akilisimulia hilo anacheka mpaka anashika mbavu.

Tarehe 22 Agosti 1981 aliolewa na marehemu baba yetu, Ussi Haruni, akahamia hapa Kiegeani. Walijaliwa watoto watatu. Baba alifariki mwaka 2006.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kilimo cha mwani. Mgongo ulipomshinda, mwaka 2004, akaanza kuuza mitumba. Nguo zilizotoboka au kupauka hakuzitupa. Alikuwa akiokota ungo mbovu, anakata kitako kinabaki duara, anatandaza juu yake kitambaa cha gauni kuukuu, kisha anashonea vifungo vya mashati kwa mafungu kama maua. Alishonea uzi wa nyavu, maana uzi wa cherehani, alisema, unaoza kwa hewa ya chumvi. Vipande vya sahani navyo alivipatia mahali. Pambo zima gharama yake haikufika bei ya soda, na zipo nyumba hapa kijijini ambazo ukutani hazikuwahi kuwa na kitu kingine.

Mwezi Februari mwaka huu alipata kiharusi. Alilazwa hapa kisiwani, akapelekwa Dar es Salaam, akarudi Mei akiwa hawezi mkono wa kulia. Jana, Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa kumi alasiri, alifariki mikononi mwa dada yangu Umi. Ameacha watoto watatu, Mudrik, Umi na Luqmani, wajukuu sita na mdogo wake mmoja aliyeko Juani.

Karatasi imeishia hapo. Sasa nasoma ya mkono.

Leo asubuhi, mama alipokwisha kuoshwa, kina mama waliulizana, kama ilivyo desturi yetu, nani alikosewa na marehemu, amsamehe asiende na mzigo. Mama mkwe wangu, Bi Mehrunissa Kassam wa dukani Kilindoni, akajibu kwa sauti: "Mimi nimemsamehe Mize kwa zile nguo za mama yangu. Aende salama." Nilikuwa mlangoni nimeshika chetezo cha udi. Nilisikia, nikanyamaza. Loo, nimejiona mtu duni!

Sikilizeni basi. Jumamosi tarehe 6 Agosti 2016, Bi Mehrunissa na ndugu zake walikuwa waje kuiona nyumba hii, kabla sijamuoa binti yao Wajiha. Asubuhi nikautazama ukuta wa sebule, nikaona haya. Watu wa duka, wenye makochi na mazulia, waje kutukuta tumetundika nyungo mbovu! Mbaya zaidi, kwenye ungo mkubwa kulikuwa na kitambaa cha kijani chenye nakshi za dhahabu, na nguo ya namna ile haikutoka nyumba nyingine ila ile yao. Nikajisemea, watatukuta tumejipamba kwa matambara yao. Mama alikuwa kisimani. Nikazishusha zote, kumi na saba, nikazichoma nyuma ya choo. Ukutani nikatundika saa ya plastiki niliyoinunua Dar.

Mama aliporudi akaona moshi. Akauliza, "Na ule wa kijani?"

Nikamwambia, "Zote, mama. Takataka zile zinatuaibisha."

Akaketi kizingitini, mikono kichwani. "Mudrik, zile ni nguo za marehemu Umme Kulsum, mamake Mehrunissa. Kaniletea kwa mkono wake nimfanyie kumbukumbu. Leo anaufuata."

Bi Mehrunissa alipofika hata chai hakuigusa. "Mize dada yangu, uko wapi ungo wangu?" Mama akanitazama. Mimi nikatazama mkeka. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, jamani, si mtoto. Mama akasema, "Nisamehe dada. Zile nguo nilizichanganya na mitumba, zikauzika bila mimi kujua."

Bi Mehrunissa alilia mbele yetu. Ndoa ilifungwa Oktoba, mimi nikapongezwa. Lakini yeye hakukanyaga tena hapa mpaka leo, na mjini ikawa Mize haaminiki na vitu vya watu. Kina mama wakaacha kumletea nguo zao. Mama hakushona ungo mwingine. Miaka tisa nilikuja kula kwake, nikamwona amekaa na bati lake la vifungo halifunguliwi, na sikusema hata siku moja, "Mama, nitakwenda kusema kweli." Nilimwogopa mama mkwe. Wajiha, mke wangu, hata wewe unalisikia sasa hivi pamoja na watu.

Mama Mehrunissa, najua unanisikia huko ndani. Mimi ndiye niliyezichoma nguo za mama yako. Msamaha ulioutoa asubuhi, naomba uurudishe, kwa kuwa umempa asiyekukosea. Kunisamehe mimi au kuninyima, hilo ni lako, na sitakulazimisha. Ila mama yangu asiingie kaburini na kosa langu.

Mize Kombo hakupoteza kitu cha mtu. Haya, tumnyanyueni, akapumzike.