Milango ya Teksi ya Senyo Dzakpasu

Marehemu Senyo Yao Dzakpasu alizaliwa Kpando, mashariki mwa Ghana, tarehe 11 Machi 1954, mtoto wa tatu wa seremala Anani Dzakpasu na Mama Abla.

Alisoma shule ya misheni hapohapo hadi 1970. Useremala alifundishwa na baba yake. Ufundi wa redio aliuiba kwa macho. Mafundi walimfukuza vibandani mwao wakimshuku, na hawakukosea.

Mwaka 1979 alihamia mji wa Ho akawa dereva wa teksi. Tarehe 14 Aprili 1982 alifunga ndoa na Enyonam.

Agosti 1989 spika mbili za kanisa alikoimba kwaya ziliibwa. Wiki hiyohiyo redio ya teksi ya Senyo, iliyokuwa ikikwaruza kama kopo la nyanya, ikaanza kutoa besi ya kutikisa kifua. Watu wakajumlisha wenyewe. Wanakwaya wakahama benchi lake, abiria wakapungua. Hata Enyonam alingoja mumewe aende kuoga, akachukua bisibisi afungue milango ya teksi. Senyo akamkuta mlangoni mwa gari.

"Mama Dela, hata wewe?"

"Nionyeshe tu, Baba Dela, nami nipate usingizi."

Senyo akamnyang'anya bisibisi. Jumapili aliiegesha teksi mbele ya kanisa, akabandua mbao za ndani za milango yote minne waumini wakitazama. Ndani mlikuwa na vipande vya godoro kuukuu, lami ya kuzibia mapaa iliyoziba kila tundu, na spika za redio mbovu ya mkwewe. Basi.

Mzee wa kanisa Kumordzi akabonyeza godoro. "Na buti?"

"Fungua mwenyewe, mzee. Kesho usije ukasema nilizimeza."

Mlikuwa na sanduku la kukuza besi, la mbao za kreti, nyufa zake zimezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Kumordzi aliligonga mara tatu, akaondoka. Hakuomba radhi. Enyonam aliomba, siku hiyohiyo, akilia.

Senyo alipata kiharusi Februari 2019, kikarudi Mei 2022. Kumordzi akaja hospitali na machungwa, akaomba msamaha baada ya miaka thelathini na mitatu. Senyo, mdomo umepinda, alimuuliza, "Umekuja kunijulia hali au kukagua?" Wakacheka, wakashikana mikono. Hata hivyo, Enyonam aliyaosha yale machungwa mara mbili.

Senyo alifariki asubuhi ya tarehe 6 Juni 2022. Ameacha mjane, Enyonam. Watoto watatu, Dela, Selorm na Akpene. Na wajukuu saba. Spika za kanisa hazijapatikana hadi leo, na familia haimshuku yeyote aliyepo hapa.

Alale kwa amani, wala asipekuliwe tena.